Mama Zamu na Boti ya Serikali

Asubuhi hiyo nilitoka Magarini nikiwa na mkoba mmoja, sijui ninakwenda wapi. Kazi ya kupakia mananasi ilikuwa imekwisha, mwenye shamba alikuwa ameshatushukuru, na mimi si mtu wa kukaa mahali hadi niulizwe kwa nini bado nipo. Nilisimama kando ya barabara nikitazama magari yanayopanda kaskazini na yanayoteremka kusini, nikasema litakalosimama la kwanza ndilo langu. Likasimama lori la mananasi yale yale niliyoyapakia jana yake, linaelekea Mombasa.

Dereva alikuwa Mgiriama wa makamo, mtu wa maneno mengi. Hatujafika Malindi alikuwa ameshaniambia bei ya matairi, ugonjwa wa mgongo wake, na kwamba ana wake wawili, wa pili yuko kisiwani, kile kisiwa kidogo kilicho ndani ya mkono wa bahari upande wa Watamu. Nikamwambia nakijua. Nilikuwa mchukuzi wa mizigo pale kivukoni kwa miaka, nikiondoka na kurudi.

"Basi wamjua Mama Zamu," akasema.

"Nani asiyemjua?"

"Kadi yake imetoka. Kadi ya mkaazi, ile ya kuvukia kwa nauli ya serikali. Iko gatini kwa karani, imekaa tu. Mwenyewe yuko Takaungu kwa dadake anayepangisha vyumba, simu yake haishiki, na hakuna aliyefunga safari kwenda kumwambia."

"Wewe si wapita Takaungu?"

"Mimi napita njia panda, na mzigo unaooza. Wewe una nini kinachooza?"

Sikuwa na kitu. Basi nikajua ninakokwenda, na kutoka hapo mpaka njia panda ya Takaungu nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kumkumbuka mtu.

Kisiwa chenyewe hakiko mbali. Ukisimama upande wa bara unaweza kumtambua jirani yako kwa mwendo wake akipita ng'ambo. Maji yakijaa, mashua huvuka kabla mtu hajamaliza kutafuna tambuu. Lakini maji yakipwa siku za bamvua, bahari inapokauka kupita kawaida, mfereji wote hubaki tope jeusi na mizizi ya mikoko, na hapo kisiwa huwa mbali kama nchi nyingine. Kisiwani kuna samaki, mbuzi, makuti, msikiti, na skuli ya madarasa ya chini. Hospitali, unga, saruji, maji ya kunywa wakati wa kiangazi, na kila mtu aliyevaa tai, viko bara.

Kabla ya boti ya serikali, waliokuwa wakivusha watu ni wenye mashua zao, wengi kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mmoja mmoja kwa mtambo wenye kikohozi. Kila mmoja alitaka abiria. Mama Zamu ndiye aliyesema nani atapakia sasa na nani atangoja. Nilitumia muda mwingi kutaka kujua aliyempa kazi hiyo. Mvushaji mmoja aliniambia marehemu mumewe alikuwa na mashua, na alipokufa mjane akaja kuishika zamu yake isipotee, kisha akazishika na za wengine. Mwingine alisema alikuja siku moja kuamua ugomvi, akakaa chini, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Nilipomuuliza mwenyewe alinitazama kama aliyeona mbu.

"Na wewe nani alikupa kazi ya kuuliza?"

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo. Hiyo sauti ndiyo iliyonishangaza kwanza. Kivukoni kila mtu hupiga kelele, na yeye alinong'ona, nao wakanyamaza ili wamsikie. Alikalia kreti la soda lililopinduliwa, mkononi ana pepeo la ukindu. Kwa pepeo hilo alipepea jiko lake la chai, akajipepea mwenyewe, akaonyesha mashua ya kupakia, na pale mvushaji aliporuka zamu ya mwenzake, alimchapa nalo begani. Wanaume wenye ndevu walichapwa na pepeo wakaomba radhi.

Alikuwa ametoka visiwa vya kaskazini, akaolewa huku akiwa msichana, na bado alisema maneno mengine kwa lafudhi ya kwao. Ungedhani mtu wa visiwa hana hofu ya maji. Kumbe kila alfajiri, akivuka kuja bara, na kila jioni akirudi, alijifunika uso kwa leso tangu mashua inaposukumwa mpaka inapogonga mchanga. Wavushaji walimtania.

"Mama, funua uone papa."

"Muone wewe. Mimi bahari naijua, ndiyo maana siitazami."

Swali lake kwa kila abiria lilikuwa moja: "Una haja gani?" Hakukuuliza unakwenda wapi, maana njia ni moja. Alitaka kujua haja. Nauli ilitoka humo. Mgonjwa na anayemshika mkono walivuka bure. Wanafunzi waliokuwa wakisoma bara walivuka bure. Mvuvi mwenye tenga tupu alivuka bure, mwenye tenga limejaa alilipa. Mwenye duka alilipa, mkandarasi alilipa zaidi, na mtalii kutoka hoteli za Watamu alilipa mpaka yule anayemwongoza akashika kichwa.

Nakumbuka kijana mmoja mwongozaji, mwenye miwani ya jua na Kiitaliano kizuri, alivyokuja kulalamika.

"Mama, hawa wageni wangu wamelipia kila kitu hotelini."

"Wamelipia hoteli," akasema. "Bahari bado."

"Lakini huyu wa mbele umemvusha bure!"

"Huyo ana jino la kung'olewa. Wageni wako wana jino?"

Kijana akatafsiri, sijui alitafsiri nini, wageni wakacheka, wakalipa. Siku hiyo nilikaa nikiitafakari hesabu yake. Mwanzo nilidhani ni upendeleo tu. Baadaye nikaona kwamba wavushaji hawakuwa wakipoteza: mwenye uwezo alikuwa akimvusha asiye nacho, na mvushaji alijua kwamba akibeba wagonjwa leo, zamu ya kubeba mkandarasi itamfikia. Nimepita sehemu nyingi na nimebeba mizigo kwenye magati mengi, lakini mahali ambapo nauli inategemea ulichoendea sijapaona tena.

Ya ajabu kuliko zote ilikuwa desturi ya tanzia. Anayekwenda kuhani, kuwapa pole wafiwa, hakutozwa, awe tajiri awe nani, mwenyeji au mtu wa mbali. Bila shaka watu waliitumia vibaya. Asubuhi moja alikuja bwana mmoja na gunia la mkaa, uso ameukunja.

"Una haja gani?"

"Naenda kuhani, mama."

"Pole. Nani ametutoka?"

Akataja jina la fundi seremala wa kisiwani. Ndani ya mashua, nyuma ya matenga, kichwa kikainuka.

"Nimekufa lini?" akauliza yule seremala.

Watu walicheka mpaka mashua ikayumba. Mwenye mkaa hakuyumba. Akamgeukia seremala akasema, "Alhamdulillahi, kumbe ni uvumi! Ngoja nivuke nikawaambie walioko kule wasilie." Mama Zamu alijifunika mdomo kwa pepeo, mabega yakimtikisika, kisha akamvusha bure yeye na mkaa wake. Huyu ndiye mwanamke aliyewahi kumkatalia mchukuzi mmoja chai mwezi mzima kwa kusema uongo wa kitoto. Uongo mvivu ulimkera. Uongo uliofanyiwa kazi aliustahi.

Siku nyingine alikuja mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Malindi. Mteja wake wa miaka mingi alikuwa amefariki kisiwani, naye amekuja kwa teksi, amevaa nguo nyeupe, viatu vimepakwa rangi. Akatoa pesa.

"Tanzia hailipiwi, bwana," Mama Zamu akamwambia.

"Nashukuru sana, bibi. Lakini mimi si mtu wa kisiwa. Nitalipa."

"Huwezi kulipa, bwana. Ni ada yetu, mila ya kisiwa."

"Na ada ya nyumba yangu ni kutopanda chombo cha mtu bure."

"Naiheshimu nyumba yako."

"Nami naiheshimu ada yenu."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akizidi kumpa mwenzake heshima, hakuna anayeshuka. Mvushaji alianza kukohoa. Alikohoa kwa sababu maji yalikuwa yakipwa, na walipokubaliana hatimaye kwamba mzee atavuka bure na kisha, kwa hiari yake, atawaletea wavushaji tende wakati wa Ramadhani, mashua ilikuwa imekaa kwenye tope. Mzee akavua viatu, akakunja suruali, akavuka kwa miguu akiwa ameshikwa huku na huku, tope mpaka magotini. Tende zililetwa. Kila Ramadhani zililetwa, hata baada ya yeye kuacha kutoka dukani.

Haya nayasema isije ikadhaniwa alikuwa na mkono uliofunguka. Kwa mali ya wengine alikuwa karimu. Chake mwenyewe alikishika. Kikombe cha chai kutoka birika lake nililipia, na niliponung'unika alisema, "Chai si haja, ni ladha." Kisiwani alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na mbuzi ambao hakuna aliyewahi kuonja hata maziwa yao. Watoto hakujaliwa. Watu walisema ndiyo sababu ya ukali wake, lakini watu husema hivyo kuhusu kila mwanamke asiye na mtoto, hata awe mpole.

Lililonitatiza zaidi kwake ni jambo hili. Kwa miaka yote niliyomjua, alikuwa akiidai serikali ilete boti: boti pana ya chini bapa, gati refu la kufika kwenye maji ya kina, nauli ambayo sehemu yake inalipwa na serikali. Kila kiongozi aliyekanyaga mchanga ule aliambiwa. Na kila mtu alijua kwamba boti hiyo ikija yenye saa zake na tiketi zake, hapatakuwa na zamu ya kushika. Kazi yake ingekwisha siku hiyo hiyo, na heshima yake ya kreti ingekwisha nayo.

"Mama, wajifukuza kazi mwenyewe," mvushaji mmoja alimwambia nikisikia.

"Nitalala mchana kama wewe."

Sababu niliijua kwa mtu mwingine. Mwaka mmoja, kabla sijafika, mwanamke wa kisiwani alishikwa na uchungu maji yakiwa yamepwa kabisa. Wanaume walimlaza kitandani wakambeba juu ya tope, wakizama mpaka mapajani, wakisimama, wakizama tena. Mama Zamu alikuwa upande wa bara akiwaona wote, na hakuwa na mashua ya kuita. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hadithi hiyo hakuwahi kuisema kwenye mkutano hata mmoja. Mbele ya viongozi alizungumzia unga. Unga unalowa, mama mwenye duka anapata hasara, bei inapanda. Nikamuuliza kwa nini hasemi ile ya mtoto, si ndiyo ingewagusa?

"Wangelia," akanijibu. "Nimewaona wakilia. Mtu mkubwa akishalia huona ameshafanya kazi, anainuka anakunywa soda. Unga hakuna anayeulilia. Utawakaa kichwani mpaka waupeleke mahali."

Serikali ikakubali. Mambo yakaja polepole, watu wa kupima kina, watu wa kupiga picha, kisha nguzo, kisha gati. Likaitishwa baraza kwenye uwanja wa skuli, akaja na afisa wa uchukuzi, dada mmoja mpole aliyeketi na sisi kwenye mkeka. Alieleza kwamba wakaazi wa kisiwa watalipa nauli ndogo na serikali itabeba inayobaki. Wageni watalipa kamili. Kisha akauliza jambo la maana: tutamjuaje mkaazi?

Hapo ndipo Mama Zamu aliposimama. Miaka yote alikuwa akiwaogopa waongozaji wa Watamu, kwamba watajifanya wenyeji, watawajaza watalii, na serikali itachoka kulipa. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, watu wote wakanyamaza:

"Kitambulisho. Kilichoandikwa kisiwa, huyo ni mkaazi. Kisichoandikwa, alipe."

Tulipiga makofi. Wanaume walipiga, wanawake wakapiga vigelegele, afisa akaandika. Nilikuwa nimekaa karibu na wanawake, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Siku ya kwanza ya boti, watu walivaa kama Idi. Karani wa tiketi, kijana mwenye adabu, alikaa kwenye kibanda kipya akipokea vitambulisho. Waume wakapita. Akaja mke wa mmoja wao, mtoto mgongoni.

"Hapa imeandikwa Ganze, mama."

"Ndiko nilikozaliwa."

"Basi nauli kamili."

"Kamili ya nini? Mimi nimezaa wote hapa!"

Akaja wa pili, kitambulisho cha Magarini. Wa tatu, Takaungu. Kisiwa ni kidogo, watu wake ni ndugu, na kwa hivyo wanaume karibu wote hutafuta wake bara au mbali zaidi. Msichana huchukua kitambulisho kwao kabla ya kuolewa, na akishaolewa nani anakumbuka kwenda kukibadilisha? Sheria ile iliwafanya waume kuwa wenyeji na wake zao wageni. Mume mmoja, ameshapanda, ameegemea ukingo wa boti, akapaza sauti:

"Lipa, mgeni, twende! Karibu kisiwani!"

Hakulala ndani siku hiyo, nilisikia. Wanawake hawakumgeukia karani. Walimgeukia Mama Zamu, aliyekuwa amesimama pembeni na pepeo lake.

"Bi mkubwa, umetufanya wageni kwa waume zetu."

Akajongea mpaka kwenye kibanda, akavuta kreti, akakaa kando ya dirisha.

"Huyu ni wa hapa," akamwambia karani, akimgusa yule wa Ganze kwa pepeo. "Namjua tangu alipoletwa na ngoma. Na huyu. Na huyu."

Karani alikuwa na haya, na pengine na busara. Akawakatia tiketi za wenyeji. Ikawa hivyo siku baada ya siku: Mama Zamu anakaa dirishani, mwanamke anafika, yeye anasema wa hapa, karani anakata. Afisa alipelekewa malalamiko, akajibu kwa upole kwamba sheria itarekebishwa ila itachukua muda, maana imeshapita kwa wakubwa.

Jioni ya siku ya kwanza, wakati wa kurudi kwake, Mama Zamu alijipanga foleni. Karani akampungia mkono apite.

"Niulize," akasema.

"Mama, wewe nani atakuuliza?"

"Wewe. Si ndiyo kazi yako? Niulize."

"Kitambulisho, mama," kijana akasema, macho chini.

Akakitoa. Kiliandikwa kule kaskazini alikozaliwa. Wanawake wakaanza kupaza sauti kwamba huyu ni wa hapa, sote twamjua, kata tiketi! Akainua pepeo, wakanyamaza.

"Nilisema mbele ya watu wote kwamba kisichoandikwa alipe. Nyinyi sikuwauliza, ndiyo maana nawasemea. Mimi mwenyewe nilijiuliza nikakubali."

Akalipa nauli ya mgeni. Akalipa kesho yake kuja kuwasemea wenzake, akalipa kurudi. Hakuwa tena na fungu alilopewa na wavushaji kwa kushika zamu, na chai gatini ilikuwa imekatazwa kwa sababu ya moto. Nilimwambia huo ni ukaidi. Nikamwambia anaweza kukaa nyumbani. "Na wa Ganze atasemewa na nani?" akauliza. Tulimchangia, akakataa. Mbuzi wakauzwa, mmoja mmoja. Mimi nikaondoka zangu kwenda Magarini, kama kawaida yangu, na baadaye nikasikia kwamba karani ameshawazoea wanawake wote kwa sura na hahitaji tena wa kumwambia, na siku alipohakikisha hilo Mama Zamu alifunga nyumba, akaja bara, hakurudi.

Dereva alinishusha njia panda, akanirushia nanasi. Niliteremka kwa miguu mpaka Takaungu, ambako sikuwahi kufika. Ni mji wa vichochoro, minazi, na kuta za zamani zilizoshika ukungu. Nilimuuliza muuza samaki nyumba ya Bibi fulani anayepangisha vyumba, dadake ni mtu mnene wa sauti ndogo, akanionyesha kwa kidevu.

Mlangoni nilipiga hodi. Akatoka dadake kwanza, mwembamba, mwenye haraka.

"Shikamoo, bibi. Natafuta chumba."

"Marahaba. Vyumba vimejaa, kuna harusi. Jaribu ng'ambo ya msikiti."

"Na nina salamu za kumpa Mama Zamu."

Pazia likasogea. Alikuwa amepungua, leso imemzunguka mara mbili, lakini macho yalikuwa yale yale ya kumwona mbu.

"Mwenye maswali," akasema. "Bado hujapata kazi ya maana?"

Nikakaa barazani. Nikampa nanasi, akalipima mkononi, akalinusa kwenye kitako, akalikabidhi kwa dadake. Nikamwambia nilichosikia: sheria imerekebishwa. Mkaazi si aliyeandikwa tena, ni yule ambaye kamati ya kisiwa inamjua kuwa anaishi pale. Kila mmoja ametengenezewa kadi, wanawake wa Ganze, wa Magarini, wa hapa Takaungu, wote. Na kadi yake iko kwa karani.

"Nani aliwapa jina langu?"

"Kamati. Dereva anasema ndilo waliloliandika la kwanza."

Nilidhani atasema hilo halimhusu, ameshapumzika. Badala yake akaanza kuniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinishinda kwa maswali. Gati limeshika chumvi? Kamba za boti wanazibadilisha? Wale wavushaji wa pondo wamepata nini? Nikamwambia kwa ninavyojua wawili wameajiriwa botini, wengine wanawatembeza watalii mikokoni, na mmoja bado anavusha watu wakati boti haipo. Na anayekwenda kuhani? Analipa, nikamwambia, nauli ndogo, lakini analipa. Akatikisa kichwa taratibu.

"Na ya kwanza siku hizi yaondoka saa ngapi?"

Kwa miaka yote ile, saa ya kuondoka ilikuwa ikitoka mdomoni mwake.

"Baada ya swala ya alfajiri tu. Kisha mpaka jua liwe juu, ndiyo ya pili."

"Hapo katikati hakuna?"

"Hakuna."

"Hiyo si saa," akasema. "Mwenye mtoto mgonjwa alfajiri hata uji hajampa, na akingoja ya pili atakuta foleni ya hospitali imeshajaa. Nani alipanga hivyo? Hakuna aliyemwambia yule dada afisa?"

"Sidhani."

"Hawakumwambia." Akainuka, akashika mlango. "Wanavuka, wananyamaza. Wamekuwa abiria."

Akaingia ndani. Nikasikia kasha likifunguliwa na nguo zikikung'utwa. Dadake akatoka na sahani ya nanasi, akatazama pazia, akanitazama mimi kama niliyeleta ugonjwa.

"Ewe dada!" akaita. "Wafanya nini huko?"

"Mgeni wako ataka chumba," ile sauti ndogo ikajibu kutoka ndani, nasi sote wawili tukanyamaza ili tuisikie. "Mpe changu. Leo nitalala nawe."

"Na kesho?"

"Kesho navuka, hakina mtu."